Miezi minane na mafuta mazito ya mchanganyiko kwenye boila yetu, Nakuru

Boila ya kiwanda chetu kidogo cha maziwa ilikuwa ikitumia dizeli hadi tulipohamia mafuta mazito ya mchanganyiko, yaani mabaki mazito ya kusafisha mafuta ghafi yaliyochanganywa na mafuta mepesi, kwa sababu ya bei. Kilo moja hutoa joto la megajuli 40 hivi, pungufu kidogo ya dizeli. Ingawa bomba linalotoka Mombasa halisafirishi mafuta haya, hivyo tukalazimika kulipia na lori, gharama yetu ya mvuke ilishuka tangu mwezi wa kwanza.

Shida yake ni mnato. Asubuhi za Julai, mafuta haya hujivuta kama uji wa wimbi ulioachwa ukapoa, na pampu huvuta hewa badala ya mafuta. Tuliweka koili ya mvuke ndani ya tangi ili yakae kwenye nyuzi 50 hadi 60, kisha hita nyingine inayoyafikisha kati ya 100 na 120 kabla ya nozeli, yaani mdomo mdogo unaoyanyunyizia motoni, kwa maana yasipopata moto wa kutosha hayanyunyiziki vizuri, na masizi hujaa kwenye mirija ya boila.

Mwezi wa nne wa kuyatumia nilifanya kosa ambalo bado linaniuma. Muuzaji mwingine alituletea shehena nami nikaruhusu imwagwe juu ya mabaki ya ile ya zamani. Siku ya pili machujio yalikuwa yamezibwa na tope jeusi linalonata kama lami, moto ukawa mwekundu wenye moshi, na presha ikaanguka huku maziwa ya wakulima yakisubiri tangini. Aina mbili za mafuta zisipopatana, sehemu zake za lami hujitenga na kutuama.

Tangu hapo nachanganya mafuta mapya na ya zamani kwenye kikopo, nayapasha moto, kisha nadondosha tone moja kwenye karatasi ya kuchujia. Likikauka na kuacha doa lenye rangi moja, napokea. Likiacha duara jeusi katikati, lori linarudi.

Kila jioni fundi huchoma dizeli kwa dakika kumi kabla ya kuzima, ili mafuta mazito yasigandie kwenye nozeli. Kwa mwenye boila isiyo na hita, mafuta haya simshauri ayanunue, hata akipunguziwa bei kiasi gani.