Kupima nitrojeni kwenye matumbawe: kazi safi, mawasiliano mh!

Jamani hii maabara nawapa nyota nne, ingekuwa tano kama wangekuwa wanajibu meseji. Kilichonikosha ni usafi wao. Unga wa mifupa ya tumbawe, miligramu chache tu, unalowekwa kwanza kwenye dawa kali ya kung'arisha ili uchafu wote wa nje uondoke, inabaki ile protini ambayo tumbawe lenyewe liliifungia ndani lilipokuwa linajijenga, hiyo ndo wanaitoa kwa kuyeyusha unga kwenye asidi, nitrojeni yake wanaigeuza nitrati halafu wanawapa bakteria, bakteria wanatoa gesi, gesi ndo inaingia mashineni kupimwa uwiano wa nitrojeni nzito kwa nyepesi. Yani vibarua wenyewe ni bakteria, nilicheka!

Majibu yalikuja na picha ya eksirei, mistari ya kila mwaka inaonekana kama pete za mti, kwa hiyo kila namba unajua ni ya mwaka gani. Namba yenyewe inaonyesha uwiano huo umeuzidi ule wa hewa kwa kiasi gani: nitrati ya baharini kwa wastani iko kama 5 kwa elfu juu ya nitrojeni ya hewa ambayo ni 0, basi namba ikishuka unaanza kuhisi kuna nitrojeni mpya imetoka hewani.

Sasa kero. Tyubu mbili walizibandika lebo kinyume, nimegundua mwenyewe maana namba ziliruka kama panzi. Kurudia walirudia bure, ila wiki tatu kimyaaa. Na kiwango cha makosa ya kipimo hawaweki kwenye ripoti mpaka uombe, kiombeni mapema.