Uzoefu wangu: Jumamosi nne za mafunzo ya uongozi wa biashara, Tanga

Nina bekari ndogo Ngamiani, mwaka wa tisa sasa. Tunaoka boflo, mkate wa slesi, skonzi, donati, vileja, visheti, keki za maagizo na vingine. Ukihesabu vyote vinafika aina 13. Nina vijana watano, na kila alfajiri tunapeleka mikate kwenye maduka 22. Mwaka jana nililipa Sh 180,000 kuhudhuria mafunzo ya uongozi wa biashara kwenye ukumbi mmoja Chumbageni: Jumamosi nne, kila baada ya wiki mbili, saa tatu asubuhi mpaka saa tisa mchana. Wafanyabiashara wenzangu wananiuliza kama yanafaa, nami nimeona niandike yote, mazuri na mabaya.

Nilikwenda kwa sababu nilikuwa nimechoka. Naamka saa nane usiku, nalala saa nne, mikate inaisha, lakini siku ya kununua unga sina pesa mkononi, napiga simu kukopa. Mimi lawama zote nilikuwa nimezitupa kwenye bei ya unga.

Jumamosi ya kwanza ilinikera. Kilichotakiwa kuanza saa tatu kilianza saa nne na nusu. Karatasi zote zilikuwa za Kiingereza, na mifano ilihusu makampuni makubwa ya Marekani yenye wafanyakazi maelfu kwa maelfu. Mzee mmoja aliyekaa mbele yangu, mchuuzi wa samaki pale Deep Sea, alifunga daftari lake kabla ya chai ya saa tano na hakulifungua tena. Watu tulitoa hela kwenye mtaji, tukaacha biashara mikononi mwa vijana. Nililisema hilo siku ile ile mbele ya wote. Haki yao niwape: siku ya pili mkufunzi alifika mapema na kufundisha kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho.

Hiyo siku ya pili peke yake ndiyo iliyorudisha ada yangu. Alitueleza habari za Vilfredo Pareto, mchumi wa Italia wa karne ya 19, aliyeangalia ardhi ya nchi yake na kukuta kama asilimia 80 iko mikononi mwa asilimia 20 ya watu. Baadaye Joseph Juran, mtaalamu wa ubora wa Marekani, akalipeleka wazo hilo viwandani: kasoro nyingi za bidhaa hutokana na sababu chache. Mkufunzi akasisitiza kwamba 80 na 20 si vipimo vya mzani. Kila mtu aende akahesabu kwake. Akatupa kazi ya siku 14: kila nusu saa andika unachofanya, kila jioni andika bidhaa gani imeingiza shilingi ngapi, na ukurasa wa nyuma andika nani unamdai.

Daftari langu bado ninalo, limejaa madoa ya siagi. Jumatano ya kwanza inasomeka hivi: saa 10:30 alfajiri, fundi wa baiskeli, tairi. Saa 11:00, natafuta chenji. Saa 11:30, simu ya mteja wa keki ya harusi, anabadilisha rangi ya maua. Saa 12:00, boflo zinatoka. Nilipoyasoma yale maandishi niliona aibu, kwa sababu maduka yangu mengi yanafungua saa 11.

Kesho yake nikapanda bodaboda kumfuata kijana wangu wa baiskeli. Kwenye duka la tatu, kabati la kioo lilikuwa tayari limejaa boflo za mtu mwingine, bado zina joto, kioo kimefanya ukungu. Mwenye duka akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, mikate yako watu wanaipenda, lakini wenzako wameshapita. Mtu wa chai hangoji."

Hesabu ya siku 14 ilitoka hivi. Mauzo yote Sh 2,940,000. Boflo na slesi peke yake Sh 2,230,000. Keki za maagizo, ambazo ndizo nilizokuwa najivunia na kupiga picha, zilikula saa 31 za mikono yangu na kuingiza Sh 240,000, hapo sijatoa siagi, mayai wala sukari. Na kule nyuma: mali kauli, yaani mikate niliyotoa kwa ahadi ya kulipwa baadaye, iliyokuwa nje ilikuwa Sh 1,140,000, na maduka manne tu yalishika Sh 690,000. Unga nilioulaumu, nilikuwa naununua kwa bei ile ile kwa miezi minne. Pesa yangu ya unga ilikuwa imelala kwenye droo za watu wanne.

Siku ya tatu tulifundishwa lile jedwali la vyumba vinne linaloitwa kwa jina la Eisenhower, rais wa Marekani kuanzia 1953 hadi 1961. Unatenganisha jambo la haraka na jambo la maana. Darasani linaeleweka vizuri. Kwenye bekari, jambo la haraka lina miguu, linakuja mlangoni na kupiga hodi. Nikamuuliza mkufunzi, akanijibu: chagua saa mbili za siku ambazo hodi haifunguliwi, na usizibadilishe. Nikachagua saa 9 mpaka saa 11 alfajiri. Simu inakaa kwenye droo, boflo zinatangulia kila kitu, na baiskeli inatoka saa 10:45. Keki sasa ni Jumamosi tu, na nusu ya malipo inatangulia. Duka ambalo halijalipa mzigo wa jana halipati wa leo.

Lakini kuna mahali sikukubaliana naye, na sijakubali mpaka leo. Aliiona hesabu yangu akasema niache vileja na visheti moja kwa moja, haviuzi. Zile siku 14 zilikuwa za mwezi wa kawaida. Tanga ikiingia Ramadhani, boflo za alfajiri zinashuka maana watu wamefunga, na jioni wanataka mkate wa sinia na kaimati. Idi ikikaribia, visheti na vileja havitoshi hata tukioka usiku kucha. Ningemsikiliza, ningeuza vifaa vyake na kupoteza msimu wangu mkubwa. Yule mzee wa samaki ndiye aliyelisema vizuri zaidi: "Mwanangu, ukinihesabia wiki ya mbalamwezi utaniambia niache dagaa." Dagaa wanavuliwa kwa taa, mwezi ukiwa mkubwa hawaji kwenye taa. Darasa zima lilimpigia makofi, na mkufunzi, nashukuru, aliandika maneno yake ubaoni.

Wenzangu nao walipata chao. Kijana anayenunua machungwa Muheza aligundua kwamba hasara yake inaanza pale anapochuma kabla ya kupiga simu Dar kuuliza bei ya siku hiyo. Dada wa saluni alisema hakupata kitu, na namwamini, maana mfano wa kazi yake haukuguswa hata mara moja.

Lililoniuma ni ahadi. Tulipolipa tuliambiwa ndani ya miezi mitatu mkufunzi atatembelea kila biashara. Hakuja. Nilipiga simu mara mbili, nikaambiwa ratiba inapangwa. Kwangu ile ziara ilikuwa sehemu ya ada, na wangerudisha chochote ningewaheshimu zaidi. Kwa hiyo ukitaka kujiunga, uliza kabla ya kulipa: ni Kiswahili? Ziara imeandikwa kwenye risiti au imesemwa kwa mdomo? Na kama huna nia ya kujaza daftari siku zote 14, hata usiku umechoka, kaa na hela yako.

Madeni yaliyo nje leo ni Sh 260,000. Kati ya yale maduka manne, mawili yaliacha kuchukua kwangu, moja linalipa kila jioni kwa simu, na moja bado tunavutana. Daftari la pili nimelianza mwezi huu wa Shaabani, ili Ramadhani yote na Idi ziingie.