Besiboli ya watoto Tabora mjini: mafunzo safi, wazazi bado

Alama: 3 kati ya 5.

Mazoezi haya ya Jumamosi ni ya watoto wa miaka 9 hadi 12. Kiufundi yamepangwa vizuri: besi (vituo ambavyo mchezaji hukimbia kuvipitia) zimeachana mita 18.3, mrushaji yuko mita 14 kutoka kwa mpigaji, na hakuna anayeshika gongo bila kofia ngumu.

Kasoro iko chini ya miembe, wanakokaa wazazi. Mpira ukirushwa, mtoto ana chini ya sekunde moja ya kuamua. Baba akipaza sauti "Piga!" wakati kocha amesema "Subiri", mtoto anasita na gongo linachelewa. Kisha anagombezwa kwa kukosa! Inauma kuona.

Kibaya zaidi ni kumshinikiza mrushaji hodari aendelee. Kanuni za Little League, ligi ya besiboli ya watoto ya Marekani, zinaweka kikomo cha kurusha mipira 75 kwa siku kwa miaka 9 na 10, na 85 kwa miaka 11 na 12. Aliyepita 65 hupumzika siku 4. Sababu ni kiwiko: mifupa yake bado inakua, na sehemu laini inayokua ndiyo huumia. Hapa kocha anahesabu kichwani, huku akijibizana na wazazi. Haitoshi kabisa. Mzazi mmoja apewe daftari, apige mstari kwa kila mpira.

Wazazi wasogezwe mbali na mgongo wa mdakaji, yule anayedaka mpira nyuma ya mpigaji, na malalamiko yasubiri hadi watoto waondoke.

Kupeana mikono mwishoni, wazazi wa pande zote wakiwemo, kuendelee.