Tapi ya moto na STC-1000 kwa sanduku ya chatu: maoni yangu toka Bukavu

Wenye wananiuliza kila saa natumia nini kupasha chatu wangu moto huku kwetu, njo hii: tapi ya moto (kamkeka ka umeme kenye kanapasha) ya wati 20 na kamashini kanaitwa STC-1000 kenye kanachunga joto. Tapi yenyewe sitaisifu sana, ni tapi tu. Pesa yako weka kwa STC.

Juu gani? Tapi bila termostati, ni kusema kamashini kama hii STC, inapanda tu, ukiifunika na maranda inaweza pita digrii 45, na nyoka tumbo yake haimwambii haraka toka hapa, anaweza lala pale mpaka ngozi inaungua na weye unakuja kuona alama kisha siku kadhaa. Muuzaji akikuambia tapi yake inajichunga yenyewe, mwachie tapi yake.

Unaweka 32 kwa F1 (joto yenye unataka) na 0.5 kwa F2 (digrii ngapi ishuke mbele ya kuwasha tena), basi: ikishuka 31.5 inawasha, ikifika 32 inazima. Ile kawaya ya kupima ibandike kabisa pale tapi inapasha, juu ikichomoka na kuanguka upande wa baridi, mashini itafikiri kuko baridi na itapasha bila kusimama. Tapi ikamate kama sehemu moja kwa tatu ya chini, upande mwingine ubakie 25 ao 26, nyoka atachagua mwenyewe. Na kitu nilipenda zaidi, delestaje ya huku mnaijua, kuraa inaenda inarudi usiku mzima, lakini hii mashini haisahau namba zako, kuraa ikirudi inaendelea pale pale.

Ubaya wake: nyuma iko uchi, visi za volti 220 ziko inje, inakuja bila kesi, bila prizi. Mpatie fundi wa umeme aifunge ndani ya boksi ya plastiki, tena bakuli ya maji ya nyoka iko pale karibu. Na soma vizuri kabla ya kulipa, kuko ya volti 12, ya 110 na ya 220.

Ampuli ya seramiki nayo nilijaribu. Inapasha hewa kuliko tapi na haitoi mwangaza, ila yangu inakula wati 100: masaa 10 ni Wh 1000, tapi ni 200 tu, weye wa betri ya solere piga hesabu. Inaomba soketi ya porseleni, ya plastiki inayeyuka, na kikapu ya waya ya kuifunika, juu chatu anapenda kujizungusha kwa kila kitu. Lakini ukweli, tuko mita 1,500 hivi juu ya bahari, kwa sanduku ya kioo tapi peke yake haitoshi usiku. Mie nilihamia kwa ya mbao, na frigoliti, ile nyeupe ya kufungia tivi, inje pande tatu, isikaribie tapi. Hapo ikatosha.

Jiwe ya moto ya umeme usinunue, inapasha mahali pamoja kupita kipimo. Na mbabula ndani ya chumba usiku hapana kabisa, gesi ya makala itamaliza weye kwanza. Kuraa ikikawia, weka bido ya maji ya moto imefungwa na kitenge, na usimlishe siku hiyo, chatu mwenye baridi anatapika panya.

STC unaipata chini ya dola 20, usiulize nyoka dukani watakukimbia, uliza wenye kutengeneza frigo ao mashini za kutotoa vifaranga.