Fundi wa ampli kule Kenya: nyota 4 kwa 5

Kwanza mujue, nasema Kenya komini yetu ya Lubumbashi, siyo inchi. Bwana yangu anapiga mi-solo, ile gitare ya katikati ya solo na ya akompanyema, mu orkestra ya barafiki, kila siku ya posho (samedi) banarudilia nyimbo za Franco na za Tabu Ley kwa bar moja ya Kamalondo, malipo ni bia mbili na taxi, na taxi yenyewe mara mingi namulipia mie. Sasa ampli yake, ile ya kukuza sauti ya gitare, ikaanza kulia vuuuu kama mashini ya kusaga unga wa bukari, akishika waya inanyamaza, akiachilia inarudi, na repetisyo anafanyia mu salon yetu mutoto amelala!!

Fundi wa kwanza, wa mujini, alikaa nayo wiki tatu akakula dola 30, ikarudi inalia vilevile. Huyu wa Kenya hakuuliza mingi, alifungua, akatikisa tundu ya jeki, pale waya ya gitare inaingilia, na kidole, akatuonyesha pale lehemu imepasuka, kaufa kadogo kama unywele, akachoma upya. Dakika kumi, 15.000 franka, basi.

Nyota moja nimetosha juu hana kivuli, munangojea mu jua, kiti moja tu na ina miguu tatu. Tena "kujaribu" kwake haiishi, alichukua gitare ya bass, bwana yangu akaingiza sebene, ile sehemu ya gitare ya kuchezesha batu, batoto ba avenue bakaanza kucheza. Nilirudi nyumbani mie peke, bwana na ampli bakabaki kule mpaka saa moja ya magaribi.