Mashairi yote ya E. E. Cummings: chukua kitabu cha karatasi

Nimemsoma E. E. Cummings, mshairi wa Marekani, kwenye simu na nimemsoma kwenye karatasi, na kwa mshairi huyu hivyo ni vitabu viwili tofauti kabisa. Ninachokisifu hapa ni Complete Poems 1904–1962, kilichohaririwa na George James Firmage na kutolewa na Liveright. Kina zaidi ya kurasa 1,000, na ukikisoma umelala mikono inachoka.

Cummings alitunga kwa taipureta. Nafasi kati ya herufi, mabano, neno linalokatwa katikati, vyote alivipanga kwa jicho la mchoraji, maana uchoraji nao ilikuwa kazi yake ya maisha. Simu haiheshimu mpango huo. Ukikuza maandishi tu, mistari inajikunja na nafasi zinamezwa. Lipo shairi la panzi ambamo herufi zinarukaruka ukurasani, zimevurugika, hadi mwisho panzi anapotua na jina lake kusomeka sawasawa. Kwenye toleo la simu nililonunua, panzi haruki. Shairi la jani, la mwaka 1958, ni mistari 9 myembamba inayoshuka: jani linaanguka ndani ya mabano, na mabano yamepasua neno lenye maana ya upweke. Kwenye karatasi unaliona lote kwa mara moja, weupe wa ukurasa umelizunguka, na kifua kinabana. Hilo peke yake linatosha kunifanya nilipe bei ya kitabu.

Wanaosema alivunja kanuni kwa sababu hakuziweza wafungue sehemu za soneti, yaani mashairi ya mistari 14 yenye kanuni zake. Ni nyingi, na anazimudu. Msomaji aliyelelewa na vina na mizani ningemshauri aanze na shairi la baba yake, lililotoka 1940. Mzee huyo alifariki 1926, gari lao lilipogongwa na treni. Ni beti za mistari minne minne, na sijui ombolezo la mtoto kwa mzazi linalolizidi.

Maisha yake yanasaidia kumwelewa. Alizaliwa 1894 Cambridge, Massachusetts, akasoma Harvard, na 1917 akaenda Ufaransa kuendesha magari ya wagonjwa vitani. Huko alizuiliwa miezi kadhaa La Ferté-Macé kwa sababu ya barua za rafiki yake. Chuki yake kwa vita na wakubwa inasomeka tangu hapo. Mwaka 1935, baada ya wachapishaji 14 kukataa kitabu chake cha mashairi, mama yake alilipia uchapaji, naye akayapanga majina yao wote mwanzoni mwa kitabu kwa umbo la mtungi wa majivu ya maiti. Ujasiri huo naupenda mno!

Kasoro zipo. Hakuna maelezo ya kumwongoza msomaji, na kwa kuwa mashairi mengi hayana majina, utategemea faharasa ya mistari ya kwanza. Zito zaidi, yamo mashairi yenye matusi kwa Wayahudi na kwa watu weusi. Yanauma, na ukubwa wa mshairi hauyafuti. Nakipa nyota nne kati ya tano.

Kwa mwenye bajeti ndogo kuna 100 Selected Poems, kitabu chembamba cha 1959 ambacho Cummings alikichagulia mashairi mwenyewe. La baba limo. La jani halimo.