TAHADHARI: Fundi wa maikrowevu za RV anayewaliza Waswahili Texas na Oklahoma

Wapendwa, habari za saa hizi. Nimetoka zamu ya usiku, sijalala, na hasira bado ninayo, kwa hiyo mtanivumilia nikirukaruka. Kuna fundi anazunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp ya Waswahili wa Texas na Oklahoma, anajitangaza kwamba anatengeneza vifaa vya ndani ya RV, hizi nyumba za magurudumu. Jina lake siandiki. Kila kundi ana jina lake, halafu mume wangu, Baba Salma, kanikataza. Nitaeleza anavyofanya kazi, mtamjua kwa hilo. Mimi kaniliza dola 780 kwa maikrowevu ambayo haikuwa na ugonjwa wowote.

Kwa wasiotujua: mimi ni nesi wa mikataba, wiki 13 hapa, wiki 13 kule. Kupanga na kupangua nyumba kila miezi mitatu kulituchosha, tukanunua RV ya mtumba. Tunaegesha kwenye paki za RV, tunalipia kiwanja na umeme, maisha yanaenda. Mume wangu ni dereva wa lori, anaweza kukaa barabarani wiki mbili mfululizo. Desemba tukahamia Amarillo, kule juu kabisa Texas. Waliofika wanaujua upepo wa pale, na usiku maji yanaganda kwenye mpira.

Maikrowevu yetu ilikuwa imejengewa kwenye kabati juu ya jiko la gesi. Tumboni mwake, upande wa chini, ina feni inayonyonya mvuke wa jiko na kuusukuma nje kupitia ukutani. Wiki ya pili Amarillo ikaanza kutoka jasho. Kwanza ukungu kwenye kioo cha mlango, nikadharau. Baadaye matone. Siku niliyochemsha maharage, maji yalichuruzika kutoka kwenye matundu ya juu, yakashuka kwenye vitufe, yakadondoka ndani ya sufuria. Namba za saa zikafifia kwa ukungu uliokuwa nyuma ya kioo, huwezi kuufuta kwa kitambaa wala kwa kanga.

Nikauliza kwenye kundi kama kuna anayemjua fundi. Dakika kumi hazikuisha, huyu bwana akanifuata inboksi. Kiswahili safi, heshima nyingi. "Pole sana dada'ngu. Hiyo usiiwashe tena hata sekunde moja. Nakuja kesho." Swali lake la pili lilikuwa, "Shemeji yupo?" Nikamjibu yuko safarini. Leo nikikumbuka swali lile najipiga paji la uso.

Kesho yake akaja kweli, na boksi la vifaa na kidude cheusi chenye taa nyekundu. Akafungua mlango wa maikrowevu, akapitisha kidole kwenye maji, akakinusa. Akakunja uso kama daktari anayetafuta maneno. "Dada, magnetroni imepasuka. Inavuja maji." Akakisogeza kidude chake kwenye mlango, kikalia pii pii pii. "Na huu ni mionzi. Mtoto analala wapi?" Salma ana miaka sita, na kitanda chake kiko hatua nne kutoka jikoni. Hapo akawa ameshanimaliza.

Naomba nisimame kidogo hapa, maana uongo huu ndio mtaji wake wote.

Magnetroni ya maikrowevu ya nyumbani, yaani ile sehemu inayotoa mawimbi ya kupasha chakula, ni kitu kidogo cha chuma, ndani yake hamna kitu, ni ombwe, na nje kimezungukwa na mapezi ya bati yanayopozwa na hewa ya feni. Haina maji. Itavuja maji gani? Maji unayoyaona ni mvuke uliokutana na chuma baridi, kama glasi ya soda inavyotoa jasho mezani. Huo mvuke unatoka kwenye chakula, kwenye pumzi zetu, na zaidi ya yote kwenye jiko la gesi. Wengi hatujui kwamba moto wa gesi wenyewe unazaa maji: kilo moja ya propani ikiungua inatoa maji yanayokaribia lita 1.6. Weka juu yake maharage ya saa mbili, kijumba chenyewe hakizidi chumba kimoja na sebule, madirisha yote umeyafunga kwa baridi. Lazima kitu kitatoka jasho.

Kuhusu mionzi, ni kweli maikrowevu ikiharibika mlango inaweza kuvujisha. Sheria ya Marekani inaweka kikomo cha miliwati 5 kwa kila sentimita ya mraba, ikipimwa karibu sentimita 5 kutoka kwenye kifaa, na kikomo hicho ni kwa maisha yote ya kifaa. Lakini kukipima kunataka kipimo cha kitaalamu kilichosanifiwa. Vile vidude vya bei chee vinalia hata kwa simu. Chake kilipiga kelele alipopita karibu na ruta ya intaneti, mimi nikaona kabisa kwa macho yangu, na nikanyamaza. Na mimi ni nesi, nashinda na mashine zinazolia.

Basi tukaendelea. Bei ni dola 780, kifaa kipya pamoja na ufundi, na anataka 400 kama kishika uchumba ili "akachukue stoo." Kwa Zelle tu, ile njia ya kutumiana pesa papo hapo kutoka benki hadi benki. Kadi hapokei, hundi hapokei. Nikamuuliza amesomea wapi, akasema Athens. Nikadhani Ugiriki, nikazidi kumheshimu! Kumbe kuna Athens ya hapahapa Texas yenye chuo cha mafundi wa RV. Cheti sikukiona, namba ya cheti sikupewa, na sikuiomba.

Siku mbili baadaye akarudi na maikrowevu. Boksi halina. Kibandiko cha nyuma, kile chenye modeli na namba ya kifaa, kimekwanguliwa. Nikauliza, akasema ni mambo ya usafirishaji. Akaitoa yangu, akaingiza hiyo kwa nguvu, ikawa ndogo kuliko shimo, akaziba pembeni kwa vipande vya mbao na povu la kupulizia. Nikamlipa 380 zilizobaki. Akaibeba ile ya zamani: "Nikuondolee mzigo dada, hapa kutupa vitu kunalipiwa." Nikamshukuru! Na chapati nne nikamfungia.

Jumapili nikapika pilau. Kabla ya kupalia, kifaa kipya chote kimeloa. Maji yanateleza kwenye mlango, yanaingia kwenye yale mapovu yake, mbao zimeanza kuvimba. Nikampigia, haipokelewi. Nikaandika WhatsApp, tiki moja. Mpaka leo tiki moja.

Aliyenisaidia ni mzee jirani, Mmarekani mstaafu anayeishi kwenye RV na mkewe miaka mingi. Nilikuwa nje natupa taka huku nafuta machozi, akauliza kuna nini. Hakuingia ndani hata. Alizunguka upande wa pili wa gari, akasimama chini ya kile kifuniko cha plastiki kilicho ukutani usawa wa jiko, akainua mkono. Kifuniko kile kina vibano viwili vidogo, kila kimoja saizi ya ukucha wa kidole gumba. Ukivizungusha hivi kifuniko kinafunga, ukivizungusha vile kinaachia. Vyote viwili vilikuwa vimefungwa. Baba Salma alivibana tulipokuwa tunasafiri ili upepo wa barabarani usikipigepige, na hakuna aliyekumbuka kuvifungua. Mzee akavizungusha, akainua kifuniko, akachomeka bisibisi, likadondoka donge la udongo mkavu lenye vishimo: kiota cha nyigu. Yale madudu yanapenda sana mabomba ya RV.

Yaani mvuke wote wa jiko ulikuwa unanyonywa na feni, unafika ukutani, unakuta mlango umefungwa, unarudi na kugeuka maji ndani ya mwili wa maikrowevu. Dawa yake ilikuwa vidole viwili na bisibisi.

Baba Salma aliporudi akatazama kazi ya fundi, akakaa kimya muda mrefu, na mwenye kumjua mume wangu anajua huo ukimya. Kile kifaa ni cha kuweka mezani. Hakikutengenezwa kukaa juu ya jiko la gesi, joto na mvuke vinakipiga kutoka chini, na cha mezani hakina feni ya kunyonya mvuke wa jiko. Nyuma yake, lile tundu la kutolea hewa nje, fundi alilijaza povu. Kifaa chenyewe kinahitaji nafasi ya kupumua pembeni na juu, na yeye alikifungia kama maiti. Tulikitoa siku ileile.

Sasa sikilizeni hili. Wiki iliyopita rafiki yangu wa Oklahoma City alinitumia tangazo kutoka soko la mtandaoni akiniuliza kama bei ni nzuri. "Maikrowevu ya RV, imekarabatiwa, inafanya kazi asilimia mia, dola 600." Picha ya tatu mlango uko wazi. Kwenye ukingo wa ndani, upande wa bawaba, kuna alama ya gundi yenye umbo la kipepeo, na bawa moja la zambarau bado limeng'ang'ania. Salma alibandika kipepeo yule siku tulipoinunua RV, nikamgombeza. Ni yangu! Ile iliyopasuka magnetroni, inayovuja mionzi!

Kwa hiyo mjue: anakuambia yako ni mbovu, anakuuzia takataka, anaondoka na yako nzima, anaiuza.

Ikikutokea ya kwako inatoka jasho, usikimbilie fundi. Toka nje, tafuta kifuniko cha bomba, hakikisha vibano viko wazi, washa feni, weka mkono: unatakiwa kuhisi upepo. Kama husikii upepo, chungulia uchafu na viota, kisha safisha kichujio cha bati cha chini, kile kinachoshika mafuta. Kuna RV ambazo hazina tundu la nje kabisa, feni inachuja tu hewa na kuirudisha ndani. Hizo hata ufanyeje unyevu unabaki, fungua dirisha kidogo na kile kitundu cha paa unapopika, hata kama ni baridi. Jiko la gesi usiligeuze hita, si kwa sababu ya maji tu, ni hewa ya sumu. Kipima unyevu ni kitu cha dola chache. Ninachojaribu ni kukaa kati ya asilimia 30 na 50, nikiona 60 nafungua. Ukishapasha chakula, futa ndani, acha mlango wazi dakika chache. Ukungu kidogo baada ya kupasha supu ni kawaida, hata kwa maikrowevu mpya.

Ubovu wa kweli unaonekana: cheche, harufu ya kuungua, kile kibao chembamba cha ukutani ndani kimekuwa cheusi, rangi imebabuka na kutu imeingia, mlango haukazi, au feni ya kupoza imekufa kabisa. Hapo zima na chomoa. Na tafadhali sana, kaka zangu mnaojua kila kitu, msifungue ganda. Kapasita ya ndani inaweza kuhifadhi umeme wa maelfu ya volti hata baada ya kuchomoa, unaua.

Pesa yangu benki wamesema niliituma mwenyewe kwa hiari, Zelle ikishafika imefika. Ningelipa kwa kadi ya mkopo ningekuwa na nafasi ya kupinga malipo. Nimeshafungua malalamiko ofisi ya mwanasheria mkuu wa Texas na kwenye tovuti ya serikali ya ReportFraud.ftc.gov. Dakika kama kumi tu. Nimeambatisha picha za kibandiko kilichokwanguliwa, risiti ya Zelle, na kipepeo. Kama kakuliza na wewe, hata kama ni dola 50 na unaona aibu, andika malalamiko yako. Nina watu watatu wameshaniambia, na mmoja ni mchungaji.

Mtamtambua: anawahi inboksi kabla hujamaliza kuuliza, anauliza kama mumeo yupo, ana kidude cheusi cha taa nyekundu, anataka Zelle, na lazima aondoke na kifaa chako cha zamani. Akiomba kukibeba, mwambie unakibakiza. Picha ya kibandiko chenye namba ya kifaa chako piga leo, iweke kwenye simu. Mimi sikuwa nayo, na polisi waliniuliza hiyo kwanza.

Tangazo lake asubuhi hii bado lipo. Ameshusha bei, 450, na ile picha ya kipepeo ameitoa.